Pipi Tuliyokabidhiana Getini

Kustaafu ni neno la wazee wenye fimbo na miwani. Mimi nimestaafu na mtoto mgongoni, maziwa yananilowesha blauzi, na miaka thelathini sijaifikisha. Lakini kazi imekwisha na yunifomu nimeirudisha, na kama huko si kustaafu, nipeni neno lingine. Afande wetu alisema "pumzika". Haya, nimepumzika. Sasa naandika.

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaosimama getini leo, Luzira, Nateete, popote Kampala kampuni ya ulinzi ilipowatupa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofokewa nacho wote mafunzoni. Mimi kwangu si shida, ni mtoto wa kambini, baba alikuwa askari jeshi kutoka kaskazini. Wengine mlikijulia uwanjani, mkianza na "geuka nyuma". Vyeo sitaviongelea, sikupata. Mshahara mnaujua, tukiugusa tutalia hadi jioni. Nitawaambia habari za mdomo. Mdomo huu wa kulia chakula.

Mafunzo tulifanyia Namuwongo, kwenye uwanja wa vumbi karibu na reli. Tulifundishwa kupiga saluti. Tulifundishwa kusukuma chini ya gari kile kioo chenye mpini mrefu, kutafuta bomu, na bomu sikuwahi kuliona. Niliona mafuta yakivuja, niliona paka mmoja, basi. Tulifundishwa kwamba askari haachi geti hata nyumba yake ikiungua. Msichana mmoja aliuliza, "Afande, na ukibanwa?" Wanaume walicheka. Afande naye alicheka. Alimaliza kucheka akasema twende mbele, somo la filimbi. Swali lile halikujibiwa mpaka leo.

Nilipangiwa Luzira, kwenye maghorofa ya kukodisha yanayotazama ziwa. Mnaojua Luzira kwa sababu ya gereza, hii ni Luzira ile nyingine, yenye bustani na bwawa la kuogelea. Siku ya kwanza nilipokelewa na Mama Halima, Mnubi mmoja mrefu, mjane, aliyekuwa getini pale tangu majengo hayajapakwa rangi. Alinitazama toka kofia hadi buti.

"Umekunywa maji leo?"

"Ndiyo, mama. Chupa nzima."

"Pole. Kufika saa nne utajuta."

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza choo kiko wapi.

"Choo kipo, nyuma ya jenereta. Ufunguo ndio haupo."

"Uko wapi?"

"Mfukoni kwa Bwana Kaggwa." Huyo ndiye meneja wa majengo. "Na Bwana Kaggwa yuko wapi? Hiyo muulize Mungu."

Utaratibu ulikuwa hivi, na mpaka leo ni huo huo. Mchana geti lina askari mmoja. Askari huyo haondoki bila mwenzake kuja, na mwenzake haji kwa sababu hayupo. Mtu mwingine yeyote haruhusiwi kugusa kile chuma cha geti, hata mpangaji, hata meneja mwenyewe. Bwana Kaggwa alikuwa ameyabandika hayo kibandani kwa herufi kubwa. Choo cha wafanyakazi kilifungwa, alisema, kwa sababu watu wa boda boda walikuwa wanaomba kuingia. Yeye hutoka asubuhi, hurudi jua likishachoka. Wanaume hawakujali. Bahati, Mkongo wa zamu ya usiku, alikuwa anayamwagilia maua ya ukutani, na nakuambieni maua yale yalistawi kuliko yote Luzira. Sisi wanawake dawa yetu ilikuwa moja. Usinywe.

"Mimi nafunga mwezi mmoja kwa ajili ya Mungu," Mama Halima aliniambia, "halafu Kaggwa ananifungisha hiyo kumi na moja iliyobaki."

Siku hiyo ya kwanza nilijua maana ya saa nne. Sitaeleza. Nilishika nguzo ya geti, nikamfungulia mpangaji mmoja nikiwa nimekunja miguu kama mtoto wa shule, akanisalimia, nikashindwa kujibu. Kesho yake nilikuja mkavu.

Asubuhi hiyo, yeye akitoka zamu ya alfajiri nami nikiingia ya mchana, Mama Halima alinipa vitu kwa mpangilio wake. Rungu. Kioo. Filimbi. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa pipi ya mnanaa, ile ngumu, akanibandika kiganjani.

"Hii ni maji yako. Mdomo ukikauka, unaiweka shavuni. Usiitafune. Shavu la kushoto, kwa sababu kulia ni kwa filimbi. Ikiisha, weka nyingine."

Hivyo ndivyo tulivyokabidhiana miaka yote. Rungu, kioo, filimbi, pipi. Hata Bahati usiku alipokea ya kwake. Zamu bila pipi ilionekana kama umemnyima mwenzako salamu. Na nitasema ukweli, nilimpenda yule mama kwa pipi zile. Kampuni nzima hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza kama mdomo wangu umekauka.

Sasa mjue kile kibanda. Ni mabati juu, mabati pembeni. Mwezi wa kwanza na wa pili, jua la Kampala likiwa limeamua, ndani humo ni kama uko kwenye sufuria ya mandazi. Ukitoka nje, mwanga unakupiga kutoka angani, unakupiga tena kutoka ziwani. Nilileta mwavuli. Bwana Kaggwa akasema niuondoe, geti linafanana na soko. Kwa hiyo unasimama na kofia nyeusi, buti nyeusi, shati la mikono mirefu, jasho linatoka na hakuna kinachoingia. Mate yanaanza kuwa mazito kama gundi. Ulimi unashika kaakaa, ukitaka kuongea unasikia unavyobanduka. Midomo inapasuka kwenye kona, ukipiga miayo inatoa damu. Na harufu. Nilijisikia mwenyewe nikipumua ndani ya kiganja. Nikaanza kuwaongelesha wageni nimegeuza uso pembeni, eti naangalia namba ya gari.

Na mbele yangu kutwa nzima ni ziwa. Maji mpaka macho yanapokomea. Banange, jamani wenzangu.

Kulikuwa na mpangaji mmoja, mama mwenye roho nzuri, kila akirudi sokoni alishusha kioo cha gari akanipa soda baridi. "Askari, jua kali leo." Nikasema asante, nyabo, maana huku mama ni nyabo na bwana ni ssebo. Mungu ambariki, alikuwa ananimaliza. Kwa sababu soda ile sikuweza kuinywa yote mara moja, ningebanwa. Niliinywa kidogo kidogo, funda moja, naificha chini ya benchi, baada ya muda funda lingine, hivyo hivyo hadi jioni. Kati ya funda na funda, pipi. Nilijiona mwerevu. Wote tulijiona werevu.

Jino la kwanza lilianza kwa kukataa maji baridi. Halafu likakataa chai. Nikaweka karafuu, nikasukutua chumvi, nikameza vidonge vya maumivu ambavyo kila duka linauza bila kukuuliza. Kipande kilivunjika nikila posho, ugali wetu laini, posho jamani, si mfupa. Nikaendelea na zamu. Nani atakuruhusu siku moja kwa sababu ya jino? Afande wetu wa kampuni, Afande Tumwine, anayekuja na pikipiki kukagua kama viatu vimeng'aa, nilimwambia jino linauma. Akasema, "Unafyatua bunduki kwa meno?"

Nikapata mimba. Nyinyi mliokwisha kubeba mnajua mimba inavyofanya kibofu. Kwa hiyo mtu aliyetakiwa kunywa zaidi alikunywa kidogo kuliko zamani. Ufizi ukavimba, ukawa unatoa damu kila nikipiga mswaki, nikaacha kupiga mswaki upande ule. Ilikuwa joto lile la mwanzo wa mwaka. Asubuhi moja niliamka shavu la kushoto limejaa hadi jicho limefunga. Homa. Nikaenda kazini hivyo hivyo, maana kukosa zamu ni kuandikiwa kosa. Mama Halima alipoona uso wangu hakunipa rungu wala kioo. Alinisimamishia boda, akaniambia, "Nenda. Mimi nitaendelea kusimama." Alikuwa ametoka kumalizia zamu yake.

Kituo cha afya cha serikali, benchi refu, mtoto ananipiga mateke tumboni kama anauliza tunafanya nini hapa. Daktari wa meno alikuwa dada mdogo kuliko mimi, amechoka kabisa. Alinimulika mdomoni, kulia, halafu kushoto.

"Pipi unaweka upande gani?"

Nikashtuka. Sikuwa nimemwambia habari ya pipi. "Kushoto."

"Naona. Kulia meno yako ni ya msichana. Kushoto ni ya bibi yako." Akazima taa. "Maji unakunywa?"

"Nikiwa nyumbani."

"Na kazini?"

"Kazini hakuna choo."

Alivua glavu akanitazama vizuri. Akanieleza kwa maneno ambayo nayaandika hapa kama nilivyoyasikia, kwa sababu ningeyasikia siku ile ya Namuwongo, leo ningekuwa nacheka bila kuziba mdomo. Mate, alisema, ndiyo yanayoosha meno kutwa nzima, yanaondoa mabaki ya chakula, yanapunguza ile asidi inayokula jino. Jua likikukausha na hunywi, mwili unayabana mate kwanza. Jino linabaki kavu, halina mlinzi. Hapo wewe unaleta sukari, unaikalisha palepale shavuni, muda wote. Wadudu wa mdomoni wanakula karamu. Na soda ya funda moja moja ni mbaya kuliko soda ya kumaliza mara moja, kwa sababu kila funda asidi inaanza upya, mdomo haupati nafasi ya kupumua. Ukiinywa, alisema, imalize, sukutua kwa maji. Lakini bora maji matupu. Ukitaka kitu cha kutafuna ili mate yatoke, kiwe hakina sukari. Na usilale bila kupiga mswaki, hata uchoke vipi, maana usiku mate hupungua zaidi.

"Usaha huu ungeingia kwenye damu," alisema, "tungekuwa tunaongea habari za mtoto sasa hivi, si za jino."

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, kabla hata ya mwanangu. Mtoto wangu, hajaona jua, nusura auawe na ufunguo ulioko mfukoni kwa mtu.

Alinichoma sindano, akang'oa mawili, mengine akasema tutaona. Nilirudi na pamba mdomoni. Joto lilikatika wiki ile mvua zilipoanza, na mtoto alikuja humo humo mvuani, nikamwita Akot. Sisi watu wa kaskazini mtoto aliyezaliwa na mvua tunamwita hivyo. Mvua ile niliipokea kwa mdomo wazi, dirishani, wauguzi wakanicheka.

Nikiwa bado nanyonyesha Afande Tumwine alinipigia simu nirudi nimwone. Nikafikiri ni zamu. Nilipofika alikuwa anaangalia pembeni.

"Wapangaji wamelalamika."

"Kuhusu nini, afande?"

"Uso wa geti ni uso wa kampuni. Wewe unaongea na wageni umefunika mdomo. Wengine wanasema unanuka. Na hayo mapengo..." Akachora hewani kwa kidole. "Pumzika kwanza."

Nisomeeni hilo mara mbili. Geti lilinila meno, halafu likanikataa kwa sababu sina meno. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema mimi nina maneno mengi, ndiyo tabia ya watoto wa kambini.

Nilienda kwa Mama Halima. Yeye alikuwa ameshaachishwa kazi kabla yangu, anaishi kwa binti yake. Nilimkuta anachovya mkate kwenye chai, anausubiri ulainike. Ndipo nikamwangalia kwa macho mapya. Miaka yote alikuwa akicheka ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, nikidhani ni heshima za Kinubi. Akaushusha mtandio. Kushoto hakukuwa na kitu.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua yangu yameoza. Sikujua ni nini." Akakoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Aliyenipokea mimi ndiye aliyenipa ya kwanza. Nilidhani nakupa kitu kizuri, mwanangu."

"Ulinipa."

"Unanilaani?"

 Nilimkabidhi Akot ampakate, hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Alimwangalia ufizi, mtoto hana hata jino, akasema, "Huyu tunafanana." Tulicheka, na ni yeye peke yake aliyeziba mdomo. Mimi nimeacha kuziba. Mtu akitaka kuona, aone.

Kilichobaki kilikuwa kurudisha yunifomu. Afande alisema niiache getini, ataipitia. Nikamfunga Akot mgongoni, nikanunua chupa kubwa ya maji, nikashuka Luzira. Jua lilikuwa limerudi, lile lile. Getini nikamkuta msichana mpya, Nakato, kofia imemlalia masikioni. Alinisalimia vizuri, "Karibu, nyabo," na nikaona shavu lake la kushoto. Limetuna.

"Nani kakupa hiyo?"

"Bahati, asubuhi." Akaihamisha kidogo kwa ulimi. "Wanasema ndiyo kawaida ya hapa."

"Iteme."

"Eh?"

Nikafungua mdomo wangu, nikalivuta shavu kwa kidole ili mwanga uingie. Nakato alitazama. Akaitema pipi kwenye kiganja, akabaki ameishika kama kitu kilichomwuma.

"Sasa kunywa." Nikampa chupa.

"Siwezi, dada. Nimebanwa tangu asubuhi, nikiongeza funda moja nitajiaibisha hapa."

Nilikuwa bado sijamjibu, honi ikalia. Bwana Kaggwa mwenyewe, amerudi mapema, sijui kasahau nini. Nakato akakimbilia chuma cha geti, miguu imebanana, najua mkimbio ule. Nikamshika mkono. Nikasogea kwenye dirisha la gari.

"Bwana Kaggwa, naomba ufunguo wa choo."

"Wewe si umeondoka?"

"Nimeondoka. Naomba ufunguo, ssebo."

"Nakato, fungua geti!"

"Nakato anaenda chooni," nikasema. "Ukimpa ufunguo ataenda haraka. Usipompa ataenda hapa hapa mbele ya gari lako, na wageni waone uso wa kampuni."

Akot akaanza kulia mgongoni. Nyuma ya gari lake likasimama gari lingine, lile la mama wa soda. Bwana Kaggwa akatazama kioo cha nyuma. Akachomoa ufunguo, akanipa bila kunitazama. Nikamrushia Nakato, na yule msichana akaondoka mbio hadi kofia ikaanguka.

"Haya, fungua," akaniambia.

"Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Unajua linavyofunguka."

Nikamwonyesha kwa kidevu karatasi yake kibandani, zile herufi kubwa. "Mimi si askari, ssebo. Siruhusiwi kugusa. Askari wako yuko chooni. Subiri."

Akasubiri. Alizima injini. Akashusha vioo. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji, akafungua kifungo cha shati, akameza mate, nikaona koo lake linavyopanda na kushuka bila kupata kitu. Nilikuwa na chupa ya maji mkononi. Sikumpa. Mama wa soda nyuma alizima injini naye, hakupiga honi.

Nakato alirudi anatembea, kama mtu. Akaokota kofia, akaivaa, akafungua geti. Bwana Kaggwa akanyoosha mkono nje ya dirisha, kiganja juu. Nakato akamwekea ufunguo. Sikumlaumu, anaitaka kazi, na mimi niliitaka.

Lakini kabla gari halijaondoka aligeuka, akaichukua chupa yangu, akasimama pale pale mbele ya dirisha, akanywa. Akapumzika, akanywa tena, mpaka chini. Bwana Kaggwa alimtazama hadi tone la mwisho, ufunguo bado uko kiganjani. Si mjinga yule bwana. Alijua maji hayo yatataka kutoka.